Uvumi Usio na Isnadi Usiwe Dalili ya Kuwanyima Chanjo Mabinti Zetu

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake, Maswahaba zake na kila anayefuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Karagwe na Kyerwa, liko jambo ambalo mimbari zetu zimelinyamazia, na kunyamaza huko sasa kumegeuka kuwa fatwa. Jambo lenyewe ni chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Wahudumu wa afya wanapofika mashuleni na vijijini, baba anamuuliza imamu, imamu anainamisha kichwa, na baba anaondoka akiwa ameelewa kwamba jambo lina walakini. Kisha nje ya msikiti anamkuta mwenye simu aliyerushiwa sauti ya mtu asiyemjua, na sauti hiyo ndiyo inayoamua hatima ya binti yake.

Nasi tunauliza: je, huu ndio mwenendo wa watu wanaodai kurejea kwenye Kitabu na Sunna?

Tumesimama miaka yote hii tukiwakemea watu kwa hirizi, kwa makombe, kwa kwenda kwa waganga wa ramli. Hoja yetu ilikuwa moja tu: leteni dalili. Tukawafundisha vijana wetu kwamba hadithi haipokelewi mpaka ijulikane nani kaipokea kwa nani, na kwamba mpokezi asiyejulikana habari yake hurudishwa. Leo watu wale wale, tena baadhi yao ni wanafunzi wa elimu, wanapokea habari ya chanjo kutoka kwa majhuli, ambaye naye kaipokea kwa majhuli mwenzake, na hakuna anayeuliza isnadi. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, Mola wetu ametuamrisha tuihakikishe habari ya mtu fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Na Imamu Muslim ameipokea katika utangulizi wa Sahihi yake hadithi inayobainisha kuwa yamtosha mtu uwongo kusimulia kila anachokisikia. Basi ikiwa tunamchunguza mpokezi katika jambo la kunyanyua mikono ndani ya swala, vipi tusimchunguze katika jambo la uhai wa binti?

UGONJWA WENYEWE

Kwanza tuujue ugonjwa, kwani kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoua wanawake wengi zaidi katika nchi yetu. Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, wanawake zaidi ya 10,000 huugua kila mwaka nchini Tanzania na zaidi ya 6,000 hufariki. Karibu saratani zote za aina hii husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeuthibitisha uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana na kwa kugusana ngozi ya sehemu za siri. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Visiposhindwa hukaa kimya miaka 15 hadi 20, kisha saratani hudhihiri wakati mwanamke ni mama wa watoto, nguzo ya nyumba. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI hatari ya kuupata ugonjwa huu ni kama mara sita zaidi ya mwenzake. Sisi watu wa Kagera tunalijua uzito wa neno hilo, kwani wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika katika mkoa huu mwaka 1983. Wazee wetu wanakumbuka watu walivyouita ugonjwa ule Juliana, wengine wakasema ni uchawi, na wenye mimbari wakaona haya kuutaja. Haya ile haikumwokoa mtu. Iliwaacha watu gizani mpaka mayatima wakajaa vijijini.

Na mwenye kuugua saratani hii akichelewa, tiba yake ni mionzi. Mionzi haipatikani Kayanga wala Nkwenda. Mgonjwa ataelekezwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Je, ni wangapi katika maamuma wetu wenye uwezo wa safari hiyo, nauli, malazi na miezi ya kuwa mbali na shamba? Kinga ni sindano moja ya bure. Tangu Aprili 2018 Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima kwa dozi mbili. Aprili 2024 utaratibu ukabadilika: dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Sasa tuzitazame shubha zinazoenezwa, tuzijibu moja baada ya moja.

SHUBHA YA KWANZA: CHANJO IMELETWA KUWAZIBA UZAZI WAISLAMU

Hii ndiyo inayoenea kuliko zote. Tunajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, chanjo hii haina virusi hai wala vilivyouawa. Ndani yake mna chembe za protini zenye umbo la ganda la nje la kirusi, tupu ndani, hazina uwezo wa kuzaliana wala kusababisha ugonjwa. Mwili ukiliona ganda hilo hujiandaa kumpiga adui kabla hajafika. Wala haina jelatini ya nguruwe. Madhara yake ya kawaida ni maumivu mkononi, homa kidogo, pengine kizunguzungu au kuzimia kwa muda mfupi, ndiyo maana msichana huambiwa aketi robo saa baada ya kuchanjwa.

Pili, kinachoziba uzazi ni saratani yenyewe. Mwanamke anayeondolewa kizazi kwa sababu ya saratani, au anayepigwa mionzi ya nyonga, ndiye asiyezaa tena. Basi anayehofia kizazi cha Umma huu aihofie saratani.

Tatu, tazameni majirani zetu. Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2011, na zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa mwaka huo walichanjwa. Uganda, ambayo mtu wa Murongo huiona kwa macho yake, ilianza nchi nzima mwaka 2015. Wasichana wa kwanza wa Rwanda leo ni wanawake wazima, wanaolewa na kuzaa. Tunaoana nao, tunafanya nao biashara, tunazikana nao. Uko wapi huo ugumba?

Na mwenye kutaka mazingatio ya mwisho wa uvumi huu ayatazame majimbo ya kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2003 baadhi yao yalisimamisha chanjo ya polio kwa dai hili hili la kuziba uzazi, na jimbo la Kano likaendelea hivyo karibu mwaka mzima. Virusi vikatoka huko vikaenea hadi nchi zipatazo 20, vikafika Saudi Arabia na hata Indonesia. Hatimaye Kano ikaipokea chanjo, lakini waliopooza hawakurudishiwa miguu yao. Nao walikuwa watoto wa nani? Wengi walikuwa watoto wa Waislamu, waliolemazwa na uvumi uliodai kuwalinda.

SHUBHA YA PILI: MWENYE KUJIHIFADHI HANA HAJA NAYO, NA INAFUNGUA MLANGO WA ZINA

Wanaosema hivi wanajiona wanailinda heshima ya mabinti. Kwa hakika wanawatupia akina mama wa Kiislamu tuhuma nzito. Mke aliyeolewa bikira, asiyemjua mwanamume mwingine, anaweza kuambukizwa na mumewe. Na mume huyo huenda aliyapata kwa mke wa halali aliyefariki, au aliyeachika, au mke mwenza. Virusi havimwonyeshi mtu dalili yoyote, wala havisomi cheti cha ndoa. Dini yetu imehalalisha kuoa mjane, kuoa mtalaka na kuoa wake wengi. Basi anayesema saratani hii ni ya wazinifu ajue kwamba kila mgonjwa aliye wodini amemgusa kwa ulimi wake, na Suratun-Nur imeweka bayana adhabu ya wanaowasingizia wanawake wanaojihifadhi bila mashahidi wanne.

Wanauliza: kwa nini basi achanjwe mtoto wa miaka 9? Jibu ni kwamba chanjo huzuia maambukizi, haiyaondoi yaliyokwisha kuingia. Hutolewa mapema kwa sababu hiyo. Watoto wetu wachanga huchanjwa homa ya ini aina ya B wakiwa na wiki sita, na ugonjwa ule nao huambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana. Ni nani aliyewahi kusimama msikitini akasema kitoto cha wiki sita kimetuhumiwa zina?

Ama hoja ya kuziba njia ya haramu, hiyo ni kanuni tukufu ya usuli, lakini haitumiwi kwa dhana. Sharti lake ni kuwa jambo lenyewe lielekeze kwenye haramu kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu. Kinachomzuia binti asizini ni kumcha Mola wake, malezi ya mama yake na uangalizi wa baba yake. Baba ambaye tegemeo lake pekee la kumlinda binti ni hofu ya saratani itakayokuja miaka 20 baadaye, huyo amekwisha kuiacha tarbia.

SHUBHA YA TATU: KUCHANJWA KABLA YA KUUGUA NI KUKOSA TAWAKKUL

Shubha hii inashangaza kutoka kwa watu ambao mahujaji wao wote huchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kuelekea Makka, kwa sharti la Saudi Arabia yenyewe. Je, mahujaji wote wamekosa tawakkul?

Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, aliyekuwa Mufti wa Saudi Arabia mpaka alipofariki mwaka 1999, aliulizwa juu ya kuchanjwa kabla ya maradhi kuingia. Akajibu kwamba hapana ubaya, na akatoa dalili kwa hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu anayekula tende saba za ajwa asubuhi ili zimkinge na sumu na uchawi siku hiyo. Kinga kabla ya dhara imethibiti katika Sunna. Umar bin al-Khattab (RA) alipofika mpakani mwa Shamu akaambiwa kuna tauni, alirejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kwamba anatoka kwenye kadari moja ya Allah kuelekea nyingine. Huyu ndiye Umar. Nani miongoni mwetu ana tawakkul kumshinda?

Na Baraza la Fiq'hi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwaka 1992, lilipitisha azimio kuhusu matibabu. Likaeleza kwamba walii anasimama mahali pa mtoto katika kutoa idhini, ila mamlaka yake yanaishia kwenye maslahi ya mtoto, na kwamba kukataa kwake hakuzingatiwi pale dhara kwa mtoto ni la wazi. Likaeleza pia kwamba mtawala anaweza kulazimisha tiba katika hali kama maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga. Basi akina baba tukumbuke: uwalii ni amana, na mwenye kupewa amana ataulizwa.

SHUBHA YA NNE: INATOKA KWA WATU TUSIOWAAMINI

Hapa hatutamdharau muulizaji, kwani hofu yake ina asili. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto wagonjwa wa uti wa mgongo huko Kano. Kesi zikafunguliwa, na mwaka 2009 ikakubali kwa maelewano kulipa dola milioni 75. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani lilitumia chanjo ya uongo ya homa ya ini katika mji wa Abbottabad, Pakistan, kumsaka mtu waliyemtaka. Madhila haya ni ya kweli, na waliolipia ni watoto wa Kiislamu ambao wazazi wao waliziogopa chanjo baada ya hapo.

Lakini tazameni: habari hizi zina isnadi. Zina mahali, mwaka, majina na kumbukumbu za mahakama. Uvumi wa chanjo hii una nini? Ambaye ana dalili na ailete kama walivyoileta watu wa Kano. Asiye nayo, dhulma ya Kano haimpi ruhusa ya kuzua nyingine Karagwe.

Wanasema tunafanywa watu wa majaribio. Chanjo hii ilianza kutumika duniani mwaka 2006. Abu Dhabi iliwaanza wasichana wake mwaka 2008, Malaysia mwaka 2010, Morocco mwaka 2022, Pakistan mwaka 2025. Kote huko wako wanazuoni. Uingereza iliwachanja wasichana wake wenyewe kabla yetu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ukaonyesha kwamba kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 saratani hii ilipungua kwa asilimia 87. Kweli upo utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930, ulioanza mwaka 2017. Huo ulilinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ambayo tayari ilikuwa ikitumika duniani, na ni katika tafiti zilizoonyesha kuwa dozi moja huamsha kinga ya kutosha.

Wengine husema: hospitali zilizo karibu nasi, kama Nyakahanga na Isingiro, ni za makanisa. Ndiyo, na wake zetu wamejifungulia humo miaka mingi. Mtume (SAW) katika Hijra, siku ambayo roho yake ilikuwa ikisakwa kwa malipo ya ngamia, alimkodi Abdullah bin Urayqit awe mwongoza njia, naye hakuwa Muislamu. Aliaminiwa kwa ujuzi na uaminifu wake katika kazi. Wala kinga ya sindano si mali ya Wazungu. Watu wa Istanbul chini ya Uthmaniya walikuwa wakikinga watoto na ndui kwa kuwapandikizia kabla Waingereza hawajajua. Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliiona huko mwaka 1717 na kuipeleka kwao.

NENO KWA WATU WA AFYA

Hatutakuwa waadilifu tukiwalaumu Waislamu peke yao. Mara nyingi mnakuja siku moja kabla, mkiwa na tangazo la kusomwa baada ya swala ya Ijumaa, mkimtaka imamu awe kipaza sauti chenu. Imamu si kipaza sauti. Njooni wiki kadhaa mapema, mketi na maimamu na walimu wa madrasa, mwonyeshe kichupa, mjibu maswali yote, hata yale yanayowakera. Wapeni wazazi taarifa na mheshimu idhini yao. Leteni wauguzi wa kike, kwani ingawa sindano hupigwa begani, stara ya binti ina thamani kwetu. Na msiishie mashuleni: wapo mabinti walioacha shule ambao daftari lao liko madrasa tu.

WAJIBU WETU

Imamu Abu Dawud amepokea kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akajiotea. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) aliwalaani kwa kauli nzito, akasema wamemuua, na akawafundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Watu wale hawakuwa maadui wa Dini. Walikuwa wema, waliotoa hukumu wasiyoijua katika jambo la mwili wa mtu. Kila mmoja wetu anayesema "msiwachanje" bila elimu na ajitazame ndani ya kisa hiki.

Kwa hiyo tunawaomba maimamu wa Bugene, Nyaishozi, Kaisho, Mabira na kwingineko watenge hotuba moja ya Ijumaa kwa jambo hili. Walimu wa madrasa tuandike majina ya mabinti wa miaka 9 hadi 14 ambao hawajachanjwa, tuzungumze na wazazi wao mmoja mmoja. Akina baba tuulize zahanati, tusiulize simu. Nao wake zetu waliokwisha kupita umri wa chanjo tuwaruhusu na kuwahimiza waende kupimwa mlango wa kizazi, kwani dalili za awali zikionekana mapema hutibika kabla hazijawa saratani.

Aliyesikia hoja hizi na bado ana shaka, mlango wa kuuliza uko wazi, na hatumhukumu kwa shaka yake. Tunayempinga ni yule anayeifanya shaka kuwa dini, akawalazimisha nayo watoto wa wengine. Siku ya Kiyama binti hatauliza simu ya nani ilileta uvumi. Atamuuliza walii wake.

Tunamwomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu mama zetu waliotangulia, awahifadhi mabinti zetu katika dini yao na miili yao, na atujaalie tuwe wenye kuisikia kauli na kuifuata iliyo bora.

Wabillahi tawfiq.